Hesabu za watoto wadogo: mwacheni mtoto ashike kwanza, tarakimu zitakuja

MwalimuLangoni

Assalaam aleikum wanajamvi. Mimi ni mwalimu wa PP1 na PP2, yaani chekechea, hapa Lamu, mtaa wa Langoni, na jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu. Muhula ukianza, wazazi huja na sifa moja: "Mwalimu, mwanangu huyu anahesabu mpaka mia." Mashallah. Basi namkalisha mtoto mkekani, namwekea komwe tisa, namwambia, "Nipe tano." Wengi hunisukumia zote tisa. Wengine huanza vizuri, moja, mbili, tatu, nne, tano, halafu wakaendelea sita, saba, mpaka komwe zikaisha. Maneno wanayo. Tano yenyewe, ile ya kufumba mkononi, hawajakutana nayo.

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walieleza mambo matano ambayo mtoto lazima ayashike ndipo kuhesabu kwake kuwe kuhesabu. Kila kitu kipewe jina moja tu la idadi. Majina yafuatane kwa mpangilio usiobadilika. Jina la mwisho ulilotamka ndilo idadi ya vyote. Chochote kinahesabika, hata milio ya adhana. Na ukianzia kushoto au kulia, jibu ni lile lile. Hilo la tatu ndilo linalowakwamisha watoto wetu, na mimi hukaa nalo wiki kadhaa kabla sijashika chaki.

Kwa wasio wa pwani: komwe ni zile mbegu ngumu za kijivu za mkomwe, mmea wa miba unaotambaa karibu na ufuo. Ndizo kete za bao. Nazipenda kuliko vifaa vya dukani. Hazivunjiki, zinateleza vizuri vidoleni, na ukizimwaga sakafuni mlio wake unawageuza watoto wote kabla hujaita jina la mtu.

Mchezo ninaouamini kuliko yote ni wa kuficha. Weka komwe saba. Mtoto ahesabu, mkubaliane ni saba. Afumbe macho, nawe ufunike kadhaa kwa kifuu. Afumbue. Zilizojificha ngapi? Nilimtazama binti mmoja wa PP2 akiucheza. Nje zilikuwa nne. Aliziangalia bila kuzigusa, midomo ikatamka nne. Kisha akaweka kidole juu ya kifuu akawa anagonga: tano, akagonga, sita, akagonga, saba, akagonga. Kila akigonga, mkono wa kushoto ulikunja kidole kimoja. Akautazama ule mkono akasema, "Tatu." Hakuningoja. Alikiinua kifuu mwenyewe, akaziona, akakirudisha akaniambia sasa nifumbe mimi. Mtoto huyo ametoa na amejumlisha, na hajaandika alama hata moja. Anzeni na komwe tatu au nne, saba zije baadaye.

Cha pili ni baraza. Nyumba zetu za kale zina baraza mlangoni, na ni kifaa cha kufundishia kilichokaa bure. Mtoto aipime kwa shubiri zake, kisha babu yake aipime kwa za kwake. Mtoto atapata kama kumi na nane, babu kama kumi na moja. Msikimbilie kueleza. Ulizeni tu, "Imekuwaje?" Watabishana, wataipima upya, mwisho mmoja ataweka kiganja chake juu ya cha babu na kuona. Hapo rula ikiingia darasani inaingia kwa haja, maana mtoto ameshaona taabu ya kila mtu kuwa na kipimo chake.

Na mkiwa na wa Gredi 2, mpeni kamba ya pima moja. Hesabu za wazee wetu zilikwenda kwa maradufu: shubiri mbili ni dhiraa, dhiraa mbili ni wari, wari mbili ni pima. Aikunje pima katikati apate wari. Akunje tena, dhiraa. Tena, shubiri. Afungue, ahesabu vipande vilivyo kati ya mikunjo, ataona shubiri nane kwenye pima bila kuambiwa. Nusu, robo na thumuni zote ziko kwenye kamba moja.

Mahamri nayo. Donge likishasukumwa duara, mpeni mtoto kisu kisicho na makali akate nusu, kisha robo. Akikata moja kubwa na moja ndogo, mwulizeni kama angeridhika kupewa ile ndogo. Hakuna mtoto asiyeelewa hapo kwamba robo lazima zilingane.

Mtaala wa umilisi, ulioingia shule zote mwaka 2019 kuanzia chekechea hadi Gredi 3, unataka mtoto atende. Lakini wazazi wengi tumeupokea kama orodha ya vitu vya kununua. Nawaomba mchange mawazo. Nyumbani kwenu mnatumia nini?

MamaPacha_Shela

Wa aleikum salaam bi mwalimu. Nimesoma neno kwa neno. Mimi nina pacha wa miaka minne, na nyuma yao kuna mdogo anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Nikimwaga komwe sakafuni nitalala kweli? La pili, daftari zinarudi nyumbani zimejaa mistari ya 1 1 1 1 na 2 2 2 2, na nusu ya hizo mbili zimepinduka. Mmoja analia akiona kalamu. Nimlazimishe?

MwalimuLangoni

Dadangu, kwa huyo anayetambaa usitoe komwe kabisa. Kipimo changu ni ile roli ya karatasi inayobaki tishu ikiisha: chochote kinachopita ndani yake hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Yeye mpe vifuu, vikombe vya plastiki, vifuniko vya sufuria, avipange kikubwa na kidogo. Pacha wacheze komwe mezani yeye akiwa amelala, kisha zirudi mkebeni kwa hesabu. Hilo la kuzirudisha nalo ni somo: "Tulitoa kumi, ziko ngapi?"

Kuhusu kalamu, usimlazimishe. Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, alikata tarakimu za msasa, mtoto akawa anazifuata kwa kidole kabla ya kuziandika. Msasa ukikosekana, Shela mna mchanga wa kumtosha kila mtoto wa Kenya. Tia kiasi kwenye sinia, tikisa usawazike, andika 2 kubwa taratibu yeye akitazama mkono wako unakoanzia. Naye aifuate kwa kidole. Akikosea, sinia linatikiswa na hakuna alama nyekundu. Kwa miaka minne 2 iliyopinduka ni jambo la kawaida. Mimi ningejali zaidi kama akiiona 2 anakuletea komwe mbili.

BabaWaGredi3

Heshima kwako mwalimu, lakini mimi nina neno. Naona tunawadekeza. Kijana wangu yuko Gredi 3 na bado anahesabu vidole chini ya dawati. Nimemkataza, na mwalimu wake amemkataza. Sisi tulikariri jedwali la kuzidisha kuanzia mbili hadi kumi na mbili, tulikaa wima, na leo dukani sihitaji kikokotoo. Michezo ya komwe ni ya nasari. Mtoto wa miaka minane anatakiwa kujua nane kuongeza tano bila kutazama mikono.

MaalimMkomani

Ndugu yangu BabaWaGredi3, nami nafundisha, ila chuoni, yaani madrasa. Ukimaliza sala, tasbihi unaihesabu vipi? Msikiti mzima, watu wazima wenye ndevu, kidole gumba kinapita kwenye pingili, tatu kila kidole. Kwa anayehesabu hivyo, vidole kumi ni thelathini, na kimoja tena ni thelathini na tatu. Sijasikia mtu akimwambia mzee huyo hajui hesabu. Mkono ni kifaa alichokirimiwa na Mola, hakisahauliki nyumbani.

Vijana wangu mimi huwapa hesabu ya tasbihi yenyewe. Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34, jumla ngapi? Wadogo huvuta shanga. Kuna mmoja alinijibu upesi kwamba ni mia, nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Tisini na tisa ya shanga zote, na moja ya juu." Ile tasbihi ya shanga 99 ameishika tangu yuko mapajani kwa bibi yake. Anajua inavyogawika mara tatu kwa sababu vidole vyake vimepita kwenye vile vituo mara nyingi.

MwalimuLangoni

Jazakallah maalim.

Baba, nakuelewa, na lengo lako na langu ni moja: nami nataka kijana wa Gredi 3 ajue 8 na 5 bila mikono. Tunatofautiana njia tu. Ukimkataza vidole bila kumpa njia nyingine, atavificha chini ya dawati, kama ulivyomkuta.

Fanya hivi leo usiku. Mwulize nane kuongeza tano, usiseme neno, mtazame. Akianza na moja, anahesabu zote upya. Akianza na tisa, amejua kwamba nane ipo tayari na anaendelea kutoka hapo, hiyo ni hatua kubwa. Akisema "nane na mbili kumi, na tatu kumi na tatu," amefika, na vidole vitaacha vyenyewe.

Kumvusha kutoka hatua moja hadi nyingine tumia trei ya mayai. Ile ya kawaida ina mashimo 30, safu sita za mashimo matano matano. Kata safu mbili upate mashimo kumi. Mwambie atie komwe nane. Ataona mawili matupu bila kuhesabu. Mpe komwe tano nyingine. Mbili zitaziba mashimo, tatu zitabaki mkononi. Rudieni na 9 na 4, 7 na 6, kila siku kidogo. Baadaye ifunike trei kwa kitambaa, aione kichwani. Ukitaka kujua imekaa, mwulize bila trei: "Nane inahitaji ngapi kufika kumi?" Ajibu papo hapo.

Jedwali la kuzidisha lina mwili pia, wala silipingi. Kaa naye kwenye bao. Safu nne, mashimo manane kila safu, ni 32. Katika bao la kujifunza kila shimo linaanza na kete mbili, basi ni 64. Bao kubwa ndilo tamu zaidi kwa hesabu: kila mchezaji ana kete 32, sita ziko nyumba, lile shimo kuu la mchezaji, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni yake, na 22 zimebaki mkononi. Mwulize hizo 22 zimetoka wapi. Mtoto anayecheza bao anatazama shimo lenye kete tano na kujua ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaigusa. Akariri mara nane baada ya kuziona nane nane zikiwa mbele yake, zitamkaa.

fundi_matondoni

Mimi si mwalimu, ni fundi wa majahazi, ila uzi huu umenigusa. Huku Matondoni watoto wanatuzunguka kazini tangu wadogo, na miti ya mikoko ndiyo hesabu yao ya kwanza. Hupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mtoto wa miaka sita ukimpa vipande vilivyobaki atakupangia chembamba hadi kinene, na ukimchomekea kimoja kisicho mahali pake atakitoa. Miti hiyo huuzwa kwa korja, ishirini ishirini. Kijana wangu anajua nusu korja ni kumi na korja tano ni mia, na sijamfundisha kwa daftari. Anafunga mafungu.

Jingine ni ulinganifu. Chombo lazima ubavu wa kushoto ulingane na wa kulia, ama sivyo kitalala upande mmoja. Nampa kijana uzi, anapima kutoka katikati hadi ubao wa kushoto, anafunga fundo, anaupeleka kulia. Fundo likipita au likipungua ananiita. Siku alipogundua tofauti ya unene wa kidole, nilimsifu mbele ya mafundi wote. Mwalimu, ukija na watoto huku tutawapa vipande vya mbao na uzi, karibuni.

TichaMalindi

Salaam kutoka Malindi. Nafundisha Gredi 1 na darasa langu limejaa pomoni, kwa hiyo nizungumzie wale wenye watoto wengi na mwalimu mmoja. Msijaribu kumwonyesha kila mmoja. Wapangeni wawili wawili, kila jozi na kifuu na vijiwe vyao. Mmoja anaficha, mmoja anataja, wanabadilishana. Kazi yangu ni kupita na kuuliza "umejuaje?", na nauliza hata jibu likiwa sahihi, la sivyo watoto hujua kwamba swali hilo maana yake amekosea.

Neno moja kuhusu makombe. Walimu wa huku hupenda kuwapeleka watoto ufuoni kuokota makombe ya kuhesabia. Hifadhi ya bahari ya Malindi imelindwa tangu 1968 na kuchukua makombe humo ni marufuku. Tumieni kokoto, kokwa za ukwaju, komwe, vifuniko vya soda. Watoto watahesabu vile vile.

Mchezo wangu ni mdako. Shimo dogo, vijiwe kumi na viwili ndani, kimoja cha kurusha. Unarusha, unavitoa vyote, unadaka. Unarusha tena, unavirudisha ukibakisha kimoja nje, hiyo ni ya moja. Ya mbili unabakisha viwili viwili, ya tatu vitatu vitatu. Wasichana wangu wanaucheza mapumziko kwa mikono mepesi kuliko yangu. Nilichoongeza mimi ni swali: kwa nini ya mbili, ya tatu na ya nne vinaisha sawasawa, na ya tano vinabaki viwili? Wakaanza kujaribu kwa vijiwe kumi, kisha kumi na vitano. Kugawanya kwa masalio hakumo kabisa kwenye somo la Gredi 1, ila walipokuwa wakibishana pale chini ya mwarobaini sikuona sababu ya kuwakatiza.

Na maji! Kikombe kimoja kimimine kwenye chupa nyembamba, kikombe kingine sawa na hicho kwenye beseni pana. Mtoto wa miaka mitano atakuapia kwamba kwenye chupa kuna maji mengi zaidi. Jean Piaget wa Uswisi alilieleza hilo zamani sana. Usimsahihishe kwa maneno. Mrudishie maji kikombeni amimine yeye, siku baada ya siku, mpaka mwenyewe aone hayajaongezeka.

BabaWaGredi3

Nimerudi. Nilimwuliza nane na tano jana baada ya isha. Alianza na moja. Mikono yote miwili mezani, alipofika kumi vidole vikamwishia, akabaki ananitazama usoni. Basi hiyo trei nimeikata. Tulipofika 9 na 4 aliniambia, "Moja inaenda kule, zimebaki tatu," kabla hajazigusa. Bado nashikilia kwamba jedwali likaririwe, mwalimu, hapo hatujakubaliana. Ila kwa vidole sitamkataza tena mpaka hii trei imalize kazi.

MwalimuLangoni

Akariri baba, mimi nataka tu ajue anachokariri. Akisahau saba mara nane, awe na njia ya kuitafuta: saba mara nne anaijua, airudufu.

Fundi, mwaliko nimeupokea. Nitaleta watoto muhula ujao, inshallah, na wazazi wawili watatu wa kuwasimamia karibu na maji.

MamaPacha_Shela

Bi mwalimu, la mwisho nisiwachoshe. Pacha mmoja akihesabu anarukaruka, anagusa moja mara mbili na nyingine anaipita. Mwenzake hapati shida hiyo. Na trei yetu ni ya plastiki, inafaa?

MwalimuLangoni

Huyo anayerukaruka usimwachie vitu vilivyotawanyika. Weka visahani viwili: visivyohesabiwa kushoto, vilivyohesabiwa kulia. Kila anapotamka namba, kitu kimoja kihame. Mkono wake ukizoea kuhamisha, jicho litafuata baadaye. Usimlinganishe na mwenzake akisikia, pacha hulihisi hilo haraka.

Trei ya plastiki inafaa sana, haioti ukungu. Ila ukikata, kingo zake huwa kali, zizungushie selotepu kabla hujampa.